Pampu za Joto kwa Mahema ya Kijeshi ya Kuhamishika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kando ya Ziwa Victoria

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa viyoyozi na majokofu, wanafunzi wa ufundi, na watumishi wa afya na uokoaji walioko Mwanza, visiwani na kwenye mialo ya Ziwa Victoria. Mahesabu yaliyomo ni ya mfano. Yamewekwa wazi ili fundi yeyote ayarudie kwa kalamu na karatasi, akibadilisha vipimo kulingana na hema lililo mbele yake.

Pampu ya joto ni nini, na inatofautianaje na kiyoyozi cha kawaida?

Pampu ya joto huchukua joto mahali pamoja na kulipeleka mahali pengine kwa kutumia gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huibana gesi hadi ikawa ya moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi hiyo hupita kwenye koili ya nje, ikaachia joto lake na kugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye valvu nyembamba, shinikizo likashuka ghafla na chenyewe kikawa baridi. Kisha huingia kwenye koili ya ndani, kikafyonza joto la chumba na kurudi kuwa gesi. Kiyoyozi cha kawaida hulipeleka joto upande mmoja tu, lakini pampu ya joto ina valvu ya kugeuzia inayobadilishana kazi za koili hizo mbili, kiasi kwamba mashine ileile hupoza mchana na kupasha joto usiku.

Kwa kuwa mashine hii huhamisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha uniti tatu au nne za joto. Uwiano huo ndio tunaouita ufanisi katika ukurasa huu. Unategemea zaidi tofauti ya joto kati ya koili mbili: kadiri tofauti hiyo inavyopungua, ndivyo kazi ya kompresa inavyopungua. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na jambo hilo.

Kwa nini jeshi lisinunue tu viyoyozi vya dukani?

Kiyoyozi cha dukani kimeundwa kukaa ukutani miaka kumi bila kusogezwa. Mashine ya hema hupakiwa kwenye lori, hushushwa, huburutwa, hunyeshewa, hulala kwenye vumbi, kisha hutakiwa kuwaka mara ileile inapounganishwa na jenereta. Ndiyo maana majeshi huipima kwa mtikisiko, mvua, vumbi, joto kali na baridi kali kabla ya kuipokea. Marekani, kwa mfano, hutumia kiwango chake kiitwacho MIL-STD-810, na imezoea kuzipanga mashine hizi kwa ukubwa wa BTU (kipimo cha kiasi cha joto kinachoondolewa) 9,000, 18,000, 36,000 na 60,000 kwa saa. Mashine nzima hukaa nje ya hema ikiwa ndani ya fremu moja, na hewa baridi huingizwa kwa mabomba mapana ya kitambaa. Mpangilio huo una faida kubwa kwa usalama wa gesi, kama itakavyoonekana mbele.

Mahema ya kijeshi yanatuhusu nini sisi wa Kanda ya Ziwa?

Mashine inayoweza kupoza hema la upasuaji la jeshi ndiyo inayoweza kupoza kliniki tembezi iliyowekwa kwenye mwalo, chumba cha dharura cha kutunzia chanjo, au hema la wagonjwa wakati wa mlipuko wa kipindupindu. Mahitaji ni yaleyale: ibebeke, isile mafuta mengi, itengenezeke mbali na mji. Tofauti ni kwamba jeshi lina fedha za kugharimia utafiti wa mwanzo, na sisi tunao mafundi wanaoweza kuupokea na kuurekebisha kwa mazingira yetu. Ninaamini mafundi hao wasisubiri hadi mashine zifike na vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya jangwa.

Mafuta ya jenereta yanaingiaje katika suala la mazingira?

Yanaingia kwanza, kabla hata ya gesi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa, na kambini umeme wa viyoyozi mara nyingi ndio sehemu kubwa ya umeme wote. Mwaka 2011 Steven Anderson, brigedia jenerali mstaafu wa Marekani aliyesimamia ugavi nchini Iraki, alisema hadharani kwamba kupoza mahema na majengo ya kambi za Iraki na Afganistani kuligharimu dola bilioni 20 kwa mwaka, ukijumlisha usafirishaji na ulinzi wa mafuta yenyewe. Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo iliipinga hesabu hiyo. Jambo lisilopingwa ni kwamba mafuta yalikuwa na gharama ya watu pia: Taasisi ya Sera ya Mazingira ya Jeshi la Marekani ilichapisha mwaka 2009 hesabu inayoonesha kwamba, Afganistani katika mwaka wa fedha wa 2007, karibu mtu mmoja alijeruhiwa au kuuawa kwa kila misafara 24 ya mafuta.

Sisi hatuna misafara ya namna hiyo, ila tunajua uzito wa kufikisha mafuta. Dizeli ya kwenda Ukara hupita barabarani, ikavuka kwa kivuko cha Kisorya hadi Rugezi, ikapakiwa tena kwenye boti, ikapakuliwa kwa mikono. Lita iliyookolewa kwenye hema huokolewa katika kila hatua ya safari hiyo.

Tuanze na mashine au tuanze na hema?

Tuanze na hema. Ningependa jibu hili lisomwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Chukua hema lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, lenye paa la mita za mraba 70 na kuta za mita za mraba 64. Kitambaa kimoja kisicho na bitana hupitisha takribani wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ndani tunataka nyuzi 25. Paa linalopigwa na jua la saa saba mchana hupokea joto kana kwamba hewa iliyo juu yake ina nyuzi 55, na kuta, kwa wastani wa pande zote, kana kwamba ina nyuzi 38. Zidisha: paa litaingiza karibu kilowati 11.6 na kuta karibu 4.6, jumla kilowati 16.

Sasa tundika wavu wa kivuli juu ya hema, ukiacha nafasi ya kutosha ili upepo wa ziwa upite kati ya wavu na paa, kisha weka bitana ya kuhami joto ndani ili upitishaji ushuke hadi wati 2. Paa likiwa kivulini hufanya kana kwamba hewa ya nje ina nyuzi 32, na kuta nyuzi 31. Joto linaloingia hushuka hadi kilowati 1.7 au 1.8. Mashine bado haijaguswa, na tayari sehemu tisa katika kumi za joto lililokuwa likipenya kwenye kitambaa zimeondoka.

Kuna mizigo ambayo kivuli hakiondoi. Watu 12 hutoa takribani kilowati 1.4 kwa miili yao, vifaa tuseme kilowati 2, na hewa safi ya kupumua huleta karibu kilowati 2 nyingine. Ukijumlisha, hema la kwanza linadai kilowati 21.5 za upoozaji, yaani zaidi ya BTU 73,000 kwa saa, mzigo ambao hata ile mashine kubwa ya BTU 60,000 haiutoshi. Hema la pili linadai kilowati 7.1, ambazo ni BTU 24,000 hivi. Mashine yenye ufanisi wa 3 itahitaji umeme wa kilowati 7.2 katika hema la kwanza na kilowati 2.4 katika la pili. Jenereta ndogo ikila theluthi moja ya lita kwa kila uniti ya umeme, kwa saa kumi za mchana ni lita 24 dhidi ya lita 8.

Anayebuni mashine bora kwa hema bovu atapata nafuu ya asilimia 20 au 30 kwa jasho jingi. Wavu na bitana humpa theluthi mbili kwa siku moja ya kazi. Jeshi la Marekani lenyewe lilifika huko lilipopuliza povu gumu la kuhami joto juu ya mahema yake Iraki. Povu hilo, hata hivyo, hulifanya hema lisikunjike tena, kwa hiyo kwa kambi inayohama napendekeza bitana inayofungwa kwa kamba na kukunjwa pamoja na hema.

Hema liwekwe wapi hapa Mwanza?

Liwe mbali na miamba mikubwa, hasa iliyo upande wa magharibi. Mwanza imejengwa katikati ya mawe ya matale yanayoota jua tangu asubuhi, na yeyote aliyewahi kuegemea jabali la Capri Point au Bugando jioni anajua kwamba hubaki na joto saa kadhaa baada ya jua kuzama. Hema lililobanwa kati ya mawe hayo huendelea kupokea joto wakati mashine ingetakiwa kupumzika.

Jambo la pili ni upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka. Koili ya nje isielekezwe mahali ambapo upepo wa mchana utairudishia hewa ya moto iliyokwisha kuitoa, kwa sababu mashine inayovuta hewa yake yenyewe ya nyuzi 40 hufanya kazi kana kwamba ipo jangwani.

Kwa nini hema lina unyevunyevu hata mashine ikiwaka?

Kwa sababu kando ya ziwa kazi kubwa ya mashine ni kukausha hewa. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 60, na tukitaka ndani nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 50, basi katika nguvu yote inayotumika kutengeneza hewa safi inayoingia, karibu robo tatu huenda kwenye kuondoa mvuke wa maji, na robo moja tu ndiyo inayoshusha joto. Kwa hema la watu 12, hayo ni maji ya lita mbili hivi kila saa kutokana na hewa safi peke yake, mbali na jasho na pumzi za waliomo.

Mashine kubwa kupita kiasi hushindwa kazi hii. Hushusha joto haraka, ikazima, na koili yake ikapata joto kabla maji hayajadondoka yote, hivyo sehemu ya maji hurudi hewani kama mvuke. Watu hujikuta katika hema lenye ubaridi wa jasho, shuka zikiwa na majimaji na dawa zikishika ukungu. Kompresa ya inveta, inayoweza kupunguza mwendo na kubaki ikizunguka polepole, ndiyo inayofaa, kwa kuwa huiweka koili katika ubaridi wa kudumu. Maji yanayodondoka yasimwagwe kando ya hema. Yaongozwe kwa bomba jembamba hadi juu ya koili ya nje, ambako yakikauka huipunguzia joto na kuongeza ufanisi kidogo bila gharama.

Vipozeo vinavyotumia maji na feni, ambavyo hupendwa katika nchi kavu, hapa huongeza unyevu uleule tunaopigana nao. Kiangazi cha Juni hadi Agosti vinaweza kusaidia. Wakati wa masika havifai.

Ni gesi ipi inayofaa kwa mashine mpya?

Tuanze na historia kwa ufupi. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulilenga gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na R-22, ambayo bado imo katika viyoyozi vingi vya zamani mitaani, inapaswa kuondolewa karibu yote katika nchi zinazoendelea ifikapo mwaka 2030. Gesi zilizoshika nafasi yake, kama R-410A, haziharibu ozoni, ila hupasha dunia joto kwa kiwango kikubwa mno. Ndipo tarehe 15 Oktoba 2016, katika jiji la Kigali, upande wa pili wa ziwa letu na mpaka, mataifa yakakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Nchi za Afrika zimo katika kundi lililotakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040 na asilimia 80 ifikapo 2045. Mashine inayobuniwa leo itakuwa bado kazini wakati wa baadhi ya tarehe hizo.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye namba. Kilo moja ya R-410A ikivuja hupasha dunia joto sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. R-32, gesi nyingine ya viyoyozi, ni 675. Propani, inayoitwa R-290, ni takribani 3. Mashine ya hema yenye kilo mbili za R-410A, ikiangushwa kutoka kwenye lori na bomba likapasuka, inakuwa imeharibu hewa sawa na kuchoma lita zaidi ya 1,500 za dizeli, na mashine zinazohamishwa huku na kule huvuja kuliko zile za ukutani, kwa kuwa kila safari hulegeza kiungo fulani.

Kwa hali ya hewa ya hapa naona propani ndiyo yenye hoja nzito zaidi. Shinikizo lake linakaribiana na la R-22, ambalo mafundi wetu wamelizoea. Haipashi kompresa joto kali kama R-32 wakati wa jua. Na kiasi kinachohitajika kwa uzito ni takribani nusu ya gesi za zamani. Udhaifu wake ni kwamba kompresa lazima iwe na ujazo mkubwa kuliko ya R-410A kwa upoozaji uleule, na kwamba inawaka.

Kama inawaka, kwa nini iwekwe karibu na askari au wagonjwa?

Swali hili ni la haki na halipaswi kujibiwa kwa haraka. Propani huwaka inapofikia takribani asilimia 2.1 ya hewa, sawa na gramu 38 katika kila mita ya ujazo. Gramu 400 zikichanganyika sawasawa katika hema letu la mfano, lenye zaidi ya mita 130 za ujazo, hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Tatizo ni hilo neno "sawasawa". Propani ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mitaro, na gramu hizo 400 zinatosha kuifanya hewa ya mita 10 za ujazo iweze kuwaka.

Kwa hiyo usalama hujengwa katika muundo. Gesi yote ibaki nje ya hema, ndani ya fremu yenye matundu chini ili ikivuja itawanywe na upepo. Njia bora zaidi ni kuiacha propani ipoze maji yaliyochanganywa na kizuia kutu, kisha maji hayo ndiyo yaingie hemani kwenye koili yenye feni. Hapo hata bomba la ndani likikatwa na kipande cha chuma, kinachomwagika ni maji. Njia hii hupunguza ufanisi kidogo, na naona ni bei inayostahili kulipwa. Ikiwa hewa ndiyo inayoingizwa moja kwa moja, pawepo kihisi cha gesi kinachozima kompresa na kuiacha feni ikizunguka, na swichi zote ziwe za aina isiyotoa cheche. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60335-2-40, katika toleo lake la mwaka 2022, kinaruhusu hadi gramu 988 za propani katika baadhi ya mifumo yenye ulinzi wa ziada, kiasi kinachotosha mashine nyingi za ukubwa tunaouzungumzia.

Ikumbukwe pia kwamba kambi hiyohiyo ina matangi ya dizeli na mitungi ya kilo 15 au 38 ya gesi ya kupikia. Wakuu wa kambi wanajua kuishi na vitu vinavyowaka, kwa kuviwekea umbali, alama na mtu wa kuvikagua.

Je, ninaweza kujaza gesi ya kupikia?

Hapana. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani usiokuwa na kipimo kimoja, ina unyevu, na imewekwa kemikali ya harufu. Unyevu huganda kwenye valvu na kuziba, na mchanganyiko hubadilisha shinikizo kiasi kwamba geji zako hazitakwambia ukweli. Vilevile usijaze propani, hata iliyo safi, katika mashine iliyotengenezwa kwa R-22: swichi zake hazikuundwa kwa gesi inayowaka.

Hewa ukaa yenyewe si inaweza kutumika kama gesi ya kupoozea?

Inaweza, na jeshi la Marekani liligharimia utafiti wa mashine za mahema zinazoitumia, baadhi ukifanyika katika Chuo Kikuu cha Purdue. Mwanasayansi wa Norwei, Gustav Lorentzen, ndiye aliyeirudisha gesi hiyo kwenye ulimwengu wa upoozaji mwishoni mwa miaka ya 1980. Haiwaki, haina sumu kwa kiasi kidogo, na mabomba yake huwa membamba. Shida ni kwamba ikizidi nyuzi 31 haigeuki tena kuwa kimiminika hata ibanwe vipi. Jua la Mwanza linaposukuma hewa hadi nyuzi 29 au 30, koili ya nje lazima iwe juu ya hapo, na mashine hulazimika kufanya kazi kwa shinikizo la karibu bari 100, huku ufanisi ukishuka. Kwa kupasha maji ya moto ni gesi nzuri sana. Kwa kupoza hema la hapa, bado naiweka nyuma ya propani.

Tunalo ziwa zima. Kwa nini tusilitumie kupoza mashine?

Fikra hii ni nzuri na inastahili kufanyiwa majaribio. Maji ya ziwa yana nyuzi 25 hivi, na hayapandi ghafla saa saba mchana kama hewa. Koili ya nje inayopozwa kwa hewa huwa na nyuzi 45. Ikipozwa kwa maji inaweza kubaki na 35. Koili ya ndani ikiwa na nyuzi 10, hesabu ya nadharia huupandisha ufanisi wa juu kabisa kutoka 8.1 hadi 11.3, yaani karibu asilimia 40, na sehemu nzuri ya nafuu hiyo hufika hadi kwenye mashine halisi.

Vikwazo vipo ufukweni. Magugu maji husukumwa na upepo hadi yakafunika ghuba nzima usiku mmoja, na bomba la kuvuta maji likiwa juu juu litaziba kabla ya asubuhi. Mwani hujenga utelezi ndani ya koili. Konokono wanaobeba kichocho wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa hiyo fundi anayeingia kusafisha bomba lazima avae buti ndefu na glavu, na si kwa siku ya ukaguzi peke yake. Kwa sababu hizo napendekeza maji ya ziwa yasiingie kwenye mashine. Tumia mabomba ya plastiki yaliyofungwa, yenye maji yake yenyewe, yaliyoning'inizwa chini ya boya mahali penye kina cha mita kadhaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu, na matumizi ya maji yenyewe yana kibali chake katika Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Hema la muda lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuyapuuza hayo.

Kuzika mabomba ardhini, kama wafanyavyo nchi za baridi, hapa hakufai. Ukichimba nusu mita sehemu nyingi za mji unagonga jiwe.

Nani anahitaji kupashwa joto Mwanza?

Kwa watu, mara chache: usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18 hivi. Hata hivyo, hema la wagonjwa huhitaji maji ya moto kila siku, na joto linalotupwa na koili ya nje linaweza kuyapasha kabla halijapotea hewani. Vilevile mashine ya jeshi haichagui mahali. Hema lililokuwa Igombe mwezi Mei linaweza kuwa Makete mwezi Julai, ambako umande ulioganda hufunika mashamba asubuhi. Huko pampu ya joto yenye ufanisi wa 3 hutumia theluthi moja ya umeme ambao hita ya koili ingetumia, kwa joto lilelile.

Jenereta au sola?

Vyote viwili, kwa mpangilio. Hema letu la pili linahitaji uniti 24 za umeme kwa mchana mmoja. Jua la kanda hii hutoa kati ya uniti 5 na 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, hivyo paneli za kilowati 6 hivi zinatosha, nazo hufunika takribani mita za mraba 30. Zikiinuliwa juu ya paa la hema zinakuwa wavu wa kivuli na kituo cha umeme kwa wakati mmoja. Hema la kwanza lingehitaji mara tatu ya hizo, jambo ambalo kambi inayohama haiwezi kulibeba. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na bitana.

Jenereta ibaki kwa usiku na mawingu, na isiwe kubwa kupita mzigo. Injini ya dizeli inayozungushwa muda mrefu kwa mzigo mdogo hujaa masizi na mafuta yasiyoungua, na hula mafuta mengi kwa kila uniti. Kumbuka pia kwamba uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na feni za koili husukuma hewa kidogo kuliko kibao cha kiwandani kinavyosema. Namba za kibao zipunguzwe kabla ya kununua.

Matengenezo gani ni ya lazima huku ziwani?

Kusafisha koili ya nje, kabla ya jambo jingine lolote. Wadudu wadogo wa ziwani huinuka juu ya maji kwa makundi yanayoonekana kwa mbali kama moshi, na upepo unapowaleta nchi kavu usiku hufuata taa. Feni ya mashine iliyo karibu na taa huwavuta kwa maelfu. Asubuhi utakuta vipande vyembamba vya alumini vimefunikwa na tabaka la kahawia, na baada ya siku mbili za vumbi na umande tabaka hilo hukauka na kushika. Hewa haipiti, shinikizo la upande wa juu hupanda, kompresa huunguruma, na mwenye mashine humwita fundi akisema gesi imepungua. Fundi asiyetazama koili huongeza gesi, na hapo anakuwa amelizidisha tatizo.

Zima mashine kwanza. Piga brashi laini kwa kufuata mwelekeo wa vipande vya alumini, kisha mimina maji ya kawaida kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Usitumie pampu ya kuoshea magari, kwa kuwa hulaza vipande hivyo na havinyooki tena vizuri. Funga wavu mwembamba unaochomolewa mbele ya koili, uuoshe kila asubuhi katika majira ya wadudu, na taa za kambi zihamishwe mbali na mashine. Heri yetu ni kwamba ziwa hili ni la maji baridi, hivyo hatuna kutu ya chumvi inayotafuna koili za Pwani.

Kuna masharti gani ya kijeshi yasiyohusu raia?

Machache: mashine isisikike mbali usiku, isitoe hewa ya moto inayoonekana kwa urahisi kwenye kamera za joto, na isiingilie mawasiliano ya redio. Kompresa inayozunguka polepole husaidia yote mawili ya kwanza, na wagonjwa wa kliniki tembezi pia watalala vizuri zaidi.

Mashine ikifa, gesi yake iende wapi?

Isifunguliwe hewani. R-22 na R-410A zinyonywe kwa mashine ya kurudishia gesi hadi kwenye mtungi wake, kila aina mtungi wake, na mtungi uandikwe jina la gesi na uzito. Gesi mbili zikichanganywa haziwezi kusafishwa kwa kutumiwa tena. Fundi asiye na mashine hiyo azifunge valvu zote mbili za huduma, akate umeme, aweke karatasi ya maelezo juu ya mashine, na aisafirishe ikiwa nzima hadi karakana yenye kifaa hicho. Propani nayo itolewe mahali pa wazi, mbali na moto na mitaro, na fundi aliyefunzwa gesi zinazowaka, baada ya kuhakikisha hakuna jenereta inayonguruma upande unaoelekea upepo.